Ajabu Iliyotiwa Bei

Ipo mijadala ionekanayo kuwa ya kipuuzi mpaka mtu aifukue mizizi yake. Mmojawapo ni ule ambao magazeti ya Marekani na vitabu vya watalii hupenda kuuchochea: kati ya Austin, makao makuu ya jimbo la Texas, na Portland, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Oregon, ni upi wenye watu wa ajabu zaidi? Miji hiyo imetenganishwa na zaidi ya kilomita 2,500. Mmoja una jua la kuchoma, mwingine una mvua ya rasharasha miezi mingi ya mwaka. Hata hivyo yote miwili imejitwalia sifa moja. Yote miwili hupiga kura upande wa wale waitwao nchini humo waliberali, yaani watu wapendao mageuzi na kumwachia kila mtu aishi apendavyo. Na yote miwili imeiandika sifa hiyo kwenye vibandiko vya magari, fulana, vikombe na kuta za majumba kwa maneno yale yale: mji wetu na ubaki wa ajabu.

Wapo miongoni mwetu wanaolisoma tangazo hilo kama hati ya uhuru. Husema kwamba huko ndiko utamaduni ulikofunguliwa minyororo, ambako mtu aweza kuvaa atakavyo, kuimba atakacho na hata kuendesha baisikeli uchi pamoja na maelfu ya wenzake. Na kwamba mataifa yanayojiundia wizara na mabaraza ya utamaduni yanajisumbua bure, maadam utamaduni hujiotea wenyewe palipo na uhuru wa mtu binafsi. Mwaka 1962, nchi yetu ilipokuwa jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana kwa imani iliyo kinyume kabisa na hiyo, kwamba utamaduni ni mali ya umma na kwa hiyo unahitaji kulindwa na umma. Basi yafaa tuipime miji hii miwili, tena tuipime kwa mambo yake yenyewe, tuone kama kweli inathibitisha hoja ya hao wanaotucheka.

Tuanze na hilo tangazo. Mwaka 2000, mkutubi wa chuo kimoja cha Austin, Red Wassenich, alikipigia simu kituo kidogo cha redio ya wananchi ili kutoa mchango wake. Alipoulizwa kwa nini anachangia, alijibu kwamba redio hiyo inasaidia kuidumisha Austin katika ajabu zake. Maneno yakampendeza mwenyewe. Yeye na mkewe wakachapisha vibandiko na kuvigawa. Lakini miaka mitatu haijapita kampuni moja ya kuchapa fulana ilikwenda kuyasajili maneno yale kuwa alama yake ya biashara. Wassenich alipinga, akashindwa. Mtu aliyesema neno kwa mapenzi ya mji wake akajikuta hana haki nalo, na neno lililokusudiwa kuzuia mji usifanane na mingine likaanza kuuzwa kwa saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa. Wassenich alifariki mwaka 2020 akiwa ameushuhudia mji wake ukijaa majumba marefu ya vioo.

Portland nayo? Portland iliyanakili. Mwaka 2003 Terry Currier, mwenye duka la santuri liitwalo Music Millennium, aliyachukua maneno ya Austin, akatoa jina la mji mmoja na kutia jina la mwingine. Yakaja kuchorwa kwa herufi kubwa za manjano ukutani katikati ya mji, ambapo watalii husimama kupiga picha. Mji unaotangaza kwamba haufanani na mwingine umeazima hata tangazo lenyewe! Wala huko si kuazima kwake kwa kwanza. Mwaka 1845 walowezi wawili, mmoja kutoka Boston na mwingine kutoka Portland ya jimbo la Maine, walirusha sarafu hewani kuamua makazi yao mapya yaitwe jina la mji wa nani. Yule wa Maine akashinda. Sarafu hiyo imehifadhiwa hadi leo. Kama sarafu ingeangukia upande wa pili tungekuwa tunaisema Boston ya magharibi.

Watetezi wa tangazo hilo wanayo hoja moja ya maana, na si haki kuipita kimya. Mwaka 2002 kampuni kubwa ya maduka ya vitabu, Borders, ilikuwa ikijiandaa kufungua duka katika njia panda ya mtaa wa sita na barabara ya Lamar, Austin, mkabala na duka la vitabu la wenyeji liitwalo BookPeople na duka la santuri la Waterloo Records. Wenye maduka hayo wakaagiza utafiti. Matokeo yakaonyesha kwamba katika kila dola 100 zitumiwazo katika duka la wenyeji, dola 45 hubaki zikizunguka mjini. Zikitumiwa katika duka la kampuni kubwa hubaki dola 13 tu. Wananchi wakavaa tangazo lao kifuani, wakapiga kelele, na mwaka 2003 Borders ikaacha mpango wake. Naam, huo ni ushindi. Tena hesabu ile ya dola 45 na dola 13 yafaa ifundishwe katika kila darasa la siasa na uchumi, kwa kuwa inaeleza kwa ufupi namna mali inavyotolewa mahali ilipochumwa. (Borders yenyewe ilifilisika mwaka 2011, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Tatizo ni kwamba katika njia panda ile ile palisimama duka jingine, nalo linatusimulia zaidi. Whole Foods ilianza Austin mwaka 1980 kwa kuunganishwa maduka mawili madogo ya vyakula visivyotiwa kemikali. Waanzilishi wake walikuwa vijana wenye nywele ndefu, wala nyama wachache, wapenda mazingira. Kwa kifupi, watu wa ajabu wa Austin halisi. Duka likawa kampuni, kampuni ikafungua mamia ya matawi Marekani na hata Uingereza, na mwaka 2017 ikauzwa kwa Amazon kwa dola bilioni 13.7. Moja kati ya yale maduka mawili ya mwanzo liliitwa Clarksville, kwa jina la mtaa uliokuwa jirani. Na mtaa huo wa Clarksville ulianzishwa mwaka 1871 na mtu Mweusi aliyekuwa mtumwa, Charles Griffin, ambaye baada ya kuwa huru alijiita Charles Clark, akanunua ardhi na kuwaita wenzake waliotoka utumwani waje kujenga. Ndugu msomaji, lishike jina hilo. Tutarudi Clarksville.

Kabla ya hapo ni wajibu kusema kwamba chini ya matangazo hayo miji hii ilikuwa na utamaduni wa kweli, tena wa kupendeza, na kwamba tamaduni hizo mbili hazifanani hata kidogo. Hapa ndipo magazeti ya watalii yanapokosea zaidi, kwa kuipima miji hii kama ndugu pacha.

Ajabu ya Austin ilizaliwa usiku, katika joto, na katika muziki. Mwaka 1970 kundi la vijana lilikodi ghala kuukuu lililokuwa la Jeshi la Ulinzi la Taifa, wakaliita Armadillo World Headquarters, kwa jina la yule mnyama mwenye magamba ambaye Wateksasi humkuta amekanyagwa na magari barabarani. Texas ya siku hizo ilikuwa na makabila mawili yaliyochukiana, wachunga ng'ombe wenye kofia pana waliopenda muziki wa mashambani, na vijana wenye nywele ndefu waliopinga vita vya Vietnam. Willie Nelson, mwanamuziki aliyekuwa amechoshwa na wakubwa wa biashara ya muziki kule Nashville, alihamia Austin mwaka 1972 na kupanda jukwaani katika ghala hilo. Makabila yale mawili yakajikuta yamekaa sakafuni pamoja, yakinywa bia ya bei nafuu na kusikiliza nyimbo zile zile. Hakuna aliyelipanga jambo hilo. Ghala lilikuwa na joto na deni lisilokwisha, na usiku wa mwisho wa mwaka 1980 likafungwa, likabomolewa, pakajengwa jumba la ofisi. Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1991, baraza la jiji likaitangaza Austin rasmi kuwa mji mkuu wa muziki wa jukwaani duniani. Jukwaa lililoupa mji sifa hiyo lilikuwa limekwisha kuwa kifusi.

Wako pia popo. Mwaka 1980 lilipokarabatiwa daraja la Congress, mafundi waliacha nyufa nyembamba chini yake, na popo watokao Mexico wakaona wamepata nyumba. Wakaja kwa mamia ya maelfu. Leo wakati wa kiangazi hufikia milioni 1.5. Wenyeji walitishika, magazeti yakaandika habari za kichaa cha mbwa, na wengi wakataka wauawe. Mtaalamu mmoja wa popo, Merlin Tuttle, alihamia Austin mwaka 1986 akaanza kuwaeleza watu kwa subira kwamba viumbe hao hula wadudu tani kwa tani kila usiku, na kwamba hawamdhuru asiyewashika. Sasa watu hujipanga darajani kila jioni kuwatazama wakipaa kama moshi. Katika ngano nyingi za Kiafrika popo hukataliwa na ndege na hukataliwa na wanyama, Austin ilimkubali. Nakiri kwamba habari hii hunipendeza kuliko zote za mji huo, ijapokuwa sisahau kwamba wahamiaji wengine watokao Mexico hawapokewi hivyo Texas.

Tena kuna chemchemi ya Barton, bwawa la maji baridi yatokayo ardhini, yenye kipimo cha nyuzi 20 hivi mwaka mzima. Mwezi Juni 1990 kampuni moja ya madini na majumba ilitaka kibali cha kujenga katika eneo la maelfu ya eka juu ya kijito kinachoilisha chemchemi hiyo. Wananchi zaidi ya 800 walijiandikisha kusema mbele ya baraza la jiji. Walisema usiku kucha: wanafunzi, wazee, waimbaji, wataalamu wa miamba. Kulipopambazuka madiwani wakaukataa mradi ule kwa kauli moja, na mwaka 1992 wananchi wakapiga kura ya kutunga sheria ya kuilinda chemchemi. Kwa maoni yangu, usiku ule mmoja una utamaduni zaidi kuliko fulana zote zilizouzwa tangu hapo. Bunge la jimbo la Texas, ambalo linakutana katika mji huo huo na halikupata kuupenda, baadaye lilitunga sheria zilizowakinga wenye miradi na kuipunguzia nguvu ile ya wananchi.

Portland ni habari ya namna nyingine. Ajabu yake haikuzaliwa jukwaani bali katika ramani za mipango miji. Mwaka 1974 barabara kuu iliyopita kando ya mto Willamette ilifungwa, ikang'olewa, na mahali pake pakafanywa bustani ya watu kutembea. Katika nchi iliyoabudu gari, kung'oa barabara kuu lilikuwa jambo la ajabu kuliko kupaka nywele rangi ya kijani. Mwaka huo huo barabara nyingine iliyokuwa imepangwa kuvunja mitaa ya mashariki ilifutwa, na fedha zake zikasaidia kujenga reli ya mjini iliyofunguliwa mwaka 1986. Katikati ya mji palikuwa na kiwanja cha kuegesha magari; wananchi wakakataa kisijengwe ghorofa la magari, wakanunua matofali mmoja mmoja, kila tofali likaandikwa jina la mnunuzi, na mwaka 1984 pakafunguliwa uwanja wa umma uliosakafiwa kwa majina ya watu. Gavana wa siku hizo za mwanzo, Tom McCall, mtu wa chama cha Republican, aliwaambia Wamarekani mwaka 1971 kwamba wanakaribishwa Oregon kutembea, ila tafadhali wasihamie. Mwaka 1973 akatia saini sheria iliyozilazimisha serikali za mitaa kuweka mipaka ambayo mji haupaswi kuivuka.

Vituko vya Portland vimeota juu ya msingi huo. Bustani iliyotambuliwa kuwa ndogo kuliko zote duniani hadi mwaka 2025, yenye upana wa sentimita 60 hivi, ilianzishwa mwaka 1948 na mwandishi wa gazeti aliyechoka kuona shimo la nguzo katikati ya barabara likiwa tupu. Mwenye kilabu cha pombe, Bud Clark, aliyekuwa amepigwa picha akiifunulia koti sanamu ya mwanamke barabarani, alichaguliwa kuwa meya na kuushika mji tangu 1985 hadi 1992. Duka la vitabu la Powell's, lililoanza mwaka 1971, lilikua mpaka likameza eneo zima lililozungukwa na mitaa minne. Mji unaonyeshewa mvua hivyo lazima usome.

Wakitaka hukumu yangu, basi hii hapa. Utamaduni wa Austin ulikuwa hai zaidi, kwa kuwa ulitoka kwa watu wenyewe bila ruhusa ya mtu. Wa Portland ulikuwa imara zaidi, kwa kuwa ulitiwa katika sheria, katika reli na katika matofali, na fedha haziwezi kung'oa reli kwa urahisi kama zilivyobomoa ghala la Armadillo. Hapa hoja ya wanaotucheka inaanza kuvunjika. Kilichodumu katika miji hii ni kile kilicholindwa kwa kura, kwa baraza na kwa sheria, yaani na umma uliojipanga. Kilichoachwa kijiotee chenyewe kilinunuliwa. Mfano ni duka la donati za vituko lililofunguliwa Portland mwaka 2003, mkabala na ule ukuta wenye tangazo: limekuwa na matawi katika miji mingi, na mwaka 2015 likafungua moja Austin, mtaa wa sita. Mtalii aliyesafiri kilomita 2,500 kuonja ajabu ya pekee ataikuta imemtangulia, katika kisanduku kile kile cha rangi ya waridi.

Lakini kuna jambo zito kuliko donati. Kwa Kiswahili tunalo neno utani. Mtani huingia msibani akacheka, akajifanya maiti, akadai apewe kanzu ya marehemu, na hakuna amkamataye, kwa sababu nafasi yake ya kufanya kioja imekubaliwa na pande zote mbili, nao wale anaowatania leo watamtania yeye kesho. Kioja ni haki inayotolewa na kupokewa. Kwa hiyo swali la kuiuliza miji ijisifuyo kwa ajabu ni hili: haki hiyo ya kuwa wa ajabu, mlimpa nani?

Oregon ilijibu swali hilo mapema. Serikali ya muda ya walowezi mwaka 1844 ilipitisha sheria ya kuwafukuza watu Weusi, tena kwa adhabu ya viboko. Mwaka 1857 wapiga kura waliulizwa maswali mawili pamoja: kama wanataka utumwa, na kama wanataka watu Weusi walio huru waishi humo. Wakakataa yote mawili. Oregon ikaingia katika Muungano mwaka 1859 ikiwa na katiba iliyomkataza mtu Mweusi kuhamia, kumiliki ardhi na kufunga mkataba. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 1926, na masalio ya maneno ya kibaguzi katika katiba hiyo yaliondolewa kwa kura mwaka 2002, mwaka mmoja kabla ya Portland kuazima tangazo la ajabu. Mwaka 1919 chama cha mawakala wa nyumba cha Portland kiliwakataza wanachama wake kuwauzia watu Weusi na Wachina nyumba katika mitaa ya Wazungu. Hata leo, katika miji mikubwa ya Marekani, ni nadra kupata ulio mweupe kama Portland.

Vita Kuu ya Pili ilipohitaji mikono, kanuni zililegezwa. Karakana za meli za Henry Kaiser zilileta wafanyakazi kutoka kila upande, na mwaka 1942 ukajengwa haraka mji wa mbao uitwao Vanport, katika bonde lililokingwa na matuta ya mto Columbia. Wakati mmoja ulikuwa na watu 40,000. Vita vilipokwisha wengi waliondoka, lakini watu Weusi hawakuwa na pa kwenda, maana Portland haikuwauzia nyumba. Asubuhi ya tarehe 30 Mei 1948, mto ukiwa umefurika, mamlaka ya nyumba iliwatupia wakazi vikaratasi milangoni ikiwaambia kwamba matuta ni salama, kwamba wataonywa mapema, na kwamba wasitaharuki. Alasiri tuta likapasuka. Watu wapatao 18,500, theluthi yao Weusi, walipoteza nyumba zao siku hiyo, na 15 walikufa. Waliobaki wakasukumwa katika mtaa wa Albina. Huko nako walifuatwa: ukumbi mkubwa wa michezo uliofunguliwa mwaka 1960, kisha barabara kuu, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 upanuzi wa hospitali ya Emanuel, ambapo familia nyingi zilibomolewa nyumba, fedha za serikali kuu zikakatika, na sehemu ya kiwanja ikabaki majani kwa miongo kadhaa. Angalia tarehe. Miaka ile ile Portland ilipokuwa iking'oa barabara kwa ajili ya bustani ya mtoni na kusifiwa ulimwenguni, ilikuwa ikiwang'oa watu wa Albina.

Novemba 1988, kijana kutoka Ethiopia aliyekwenda Portland kusoma alipigwa kwa gongo la mpira barabarani na vijana wa Kizungu wenye vichwa vilivyonyolewa, akafa. Nao walijiona watu wa pekee, wenye mavazi yao na muziki wao.

Na Austin? Turudi Clarksville. Mwaka 1928 jiji lilipokea mpango wa maendeleo uliotungwa na wahandisi wa Dallas. Kwa kuwa Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekwisha kukataza kugawa mitaa kwa rangi kwa njia ya sheria, mpango ulipendekeza hila: shule, bustani na huduma zote za watu Weusi ziwekwe mashariki ya mji peke yake, ili wahame wenyewe. Clarksville ilikuwa magharibi. Shule yake ilikuwa imekwisha kufungwa mwaka 1918. Hadi miaka ya 1970 njia zake nyingi hazikuwa na lami, na barabara kuu mpya ikapitishwa ubavuni ikiondoa familia kadhaa. Leo Clarksville ni mtaa wa matajiri. Jina la mtumwa aliyejikomboa lilipita katika duka la mboga likaingia katika biashara ya mabilioni. Wajukuu wa waliomfuata walihamishiwa upande wa pili wa barabara ya Interstate 35, iliyofunguliwa mwaka 1962 na kuukata mji kama ukuta. Hata ile chemchemi ya Barton, fahari ya wote, watu Weusi walikatazwa kuoga humo mpaka wanafunzi walipojitosa majini kwa kukaidi mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Nitajibiwa kwamba hayo ni ya zamani, na kwamba waliberali wa leo wameyatubu. Tena kwamba kibandiko hakikupandisha kodi ya nyumba. Ni kweli kwamba kibandiko hakipandishi kodi. Lakini kati ya mwaka 2000 na 2010, muongo ule ule kibandiko kilipoenea, Austin iliongezeka watu kwa asilimia 20 na wakati huo huo idadi ya watu wake Weusi ikapungua, jambo ambalo halikutokea katika mji mwingine wowote mkubwa uliokuwa ukikua kwa kasi kama hiyo. Portland katika muongo huo iliona maelfu ya watu Weusi wakiondoka Albina na mitaa ya jirani, nyumba zao zikinunuliwa na watu waliovutiwa na mikahawa, baisikeli na vituko. Ajabu ilikuwa tangazo la kuuzia nyumba. Mzungu apandaye baisikeli ya gurudumu moja huku akipuliza zumari ni kipenzi cha Portland, na mimi sina ugomvi naye. Nauliza tu kama mzee Mweusi wa Albina aliyekaa barazani pake akipiga tarumbeta usiku alipata kuchorwa kwenye kikombe, au alipata barua ya malalamiko kutoka kwa majirani wapya.

Haki yataka niseme na hili. Mwaka 2025, Rais Donald Trump alipotaka kupeleka askari wa Jeshi la Ulinzi la Taifa Portland, watu waliandamana mbele ya ofisi ya uhamiaji wakiwa wamevaa mavazi ya kupulizwa, ya chura na wanyama wengine, na serikali iliyosema mji unawaka moto ikajikuta imeelekeza bunduki za gesi kwa vyura wanaocheza. Hicho kilikuwa kioja chenye maana, kilichofanywa kwa ajili ya wahamiaji ambao hawana nguvu ya kujitetea, na hakikuuzwa na mtu. Ndio utani hasa, wa kumcheka mwenye nguvu usoni pake. Kama miji hii ingejulikana kwa mambo ya namna hiyo na ya usiku ule wa 1990, makala hii isingekuwa na sababu ya kuandikwa.

Mwezi Juni 2025, baraza la jiji la Portland liliidhinisha malipo ya dola milioni 8.5 kwa wazao wa familia zilizobomolewa nyumba Albina kwa ajili ya hospitali. Walikuwa wamekwenda mahakamani kudai haki hiyo. Hawakuipewa kwa hisani. Huko Austin, mwaka 2024 serikali ya jimbo la Texas ilianza kuipanua Interstate 35, na nyumba na biashara zilizo kando yake zimepangiwa kuondolewa.